Kabla Hujaongeza Samaki kwenye Tangi Dogo la Matumbawe

Tuseme una tangi la kioo la lita 110 hivi. Ndani yake kuna mawe, mchanga, matumbawe laini machache, konokono wanaokula mwani, kamba msafishaji mwenye mstari mweupe mgongoni, na jozi ya samaki-anemoni, wale wa rangi ya chungwa ambao watoto wanawaita Nemo tangu ile filamu ya 2003. Mambo yametulia. Matumbawe yanafunguka taa zikiwaka, samaki wanakula vizuri, na wewe ukikaa kutazama unaona sehemu kubwa ya tangi haina anayeitumia. Unataka samaki mmoja zaidi.

Hamu hiyo naielewa na siipingi. Ninachopinga ni kuipeleka dukani ikiwa mbichi. Mtu akifika mbele ya matangi ya muuzaji bila kujua anatafuta nini, rangi ndiyo itakayomwamulia, na rangi haisemi kitu kuhusu tabia ya samaki. Kazi ya kuchagua inafanyika nyumbani, mbele ya tangi lako mwenyewe. Ukae hapo jioni kadhaa, uangalie nani analala wapi, nani anafukuza nani, na chakula kikitiwa nani hufika wa kwanza. Mgeni wako atapaswa kuingia mahali ambapo hapana mwenyewe. Kama mahali hapo hapapo, hakuna samaki wa kununua.

Anza na hao samaki-anemoni, kwa sababu sura yao ya upole inawadanganya wengi. Wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa wa kundi ndiye hugeuka jike. Jike huyo akikomaa hufika sentimita 8 au 9, na jozi ikishazoeana huchagua kona yake: pengine ndani ya anemoni, pengine kwenye tumbawe laini, pengine nyuma ya pampu tu. Kona hiyo huilinda kwa nguvu. Jike aliyekomaa huuma hata mkono wako unaposafisha kioo. Kwa hiyo usimwongezee wa tatu wa aina yake, maana jozi itamwandama mpaka afe. Wala usimletee samaki-anemoni wa aina nyingine. Walioko pwani yetu ya Afrika Mashariki huenda wakashawishika, kwa kuwa bahari yetu ina samaki-anemoni wake wazuri sana: Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mweupe unaopita juu ya mgongo, na Amphiprion allardi wa kahawia iliyokolea mwenye mikanda miwili myeupe. Kila mmoja anastahili tangi lake. Lita 110 hazigawanyiki kwa koo mbili.

Ukishaijua kona ya jozi, tazama kilichobaki. Kwa kawaida utaona sehemu tatu: maji ya kati mbali na kona ile, mapango na vivuli chini ya mawe, na mchanga wenyewe. Samaki mdogo mpole huwa na sehemu moja anayoipenda kuliko nyingine zote, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza kuwa rahisi.

Kwa maji ya kati, chaguo langu la kwanza ni samaki-moto, Nemateleotris magnifica. Mbele ni mweupe, nyuma anaanza kuiva wekundu hadi mkiani, na kwenye pezi la mgongo ana unywele mrefu anaouchezesha juu na chini. Anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki, na hazidi sentimita 9. Husimama majini juu ya shimo lake akidaka vijidudu vinavyopita, na akishtuka hujitumbukiza shimoni. Hamgusi kamba wala tumbawe. Udhaifu wake ni mmoja: anaruka. Wengi wa samaki hawa hufia sakafuni, wakiwa wazima kabisa saa moja kabla. Usimnunue kama tangi halina kifuniko, na kifuniko kizuri ni wavu wa matundu madogo uliobanwa kwenye fremu. Kwa walio Mombasa, Dar es Salaam au Muscat wavu una faida ya pili, kwani unaruhusu maji yavukize na kupoa, jambo ambalo kioo kinalizuia. Mchukue mmoja tu. Wawili wasiochaguana wenyewe huishia kugombana, na mnyonge hukaa shimoni mpaka akonde.

Kwenye mapango, anayefaa ni grama wa Karibiani, Gramma loreto. Nusu ya mbele ni zambarau, nusu ya nyuma ni njano, urefu wake kama sentimita 8. Hupenda kukaa chini ya paa la jiwe, mara nyingi akiwa kichwa chini miguu juu kama tungesema kwa mtu, na hapo hapo ndipo anapolala. Atamfungulia mdomo jirani anayesogelea tundu lake, basi. Ila jihadhari, kwa sababu yuko samaki mwingine wa jamii ya Pictichromis, kutoka Pasifiki ya magharibi, mwenye rangi zile zile mbili, na huyo ni mkorofi kweli kweli. Kwenye tangi dogo atawafukuza samaki wapole siku nzima na kuwatafuna kamba wadogo. Wawili hawa huwekwa karibu dukani na wakati mwingine hata muuzaji huwachanganya. Tazama mpaka wa rangi: kwa grama zambarau inayeyukia kwenye njano kwa madoadoa, na kwenye sehemu ya mbele ya pezi la mgongo pana doa jeusi; kwa yule mkorofi mpaka umekatwa wima, na doa hilo hana. Simama utazame mpaka uwe na uhakika. Akishaingia kwenye mawe yako, kumtoa ni kuvunja mwamba mzima.

Mchangani ndipo penye raha kubwa kuliko zote kwa mtu mwenye subira. Gobi wa njano, Cryptocentrus cinctus, anaweza kuishi shimo moja na kamba mdogo wa jenasi ya Alpheus, yule mwenye gando kubwa linalotoa mlio wa kupasuka. Kamba huyu haoni vizuri. Kazi yake ni kuchimba. Anatoa mchanga na vijiwe siku kutwa huku unyoya wake mmoja wa kupapasia ukiwa umemgusa gobi aliyeketi mlangoni. Gobi akiona hatari hutikisa mkia, na wote wawili huingia ndani. Nimewahi kuona watoto wasiotulia wakikaa kimya mbele ya jambo hilo muda mrefu kuliko mbele ya televisheni. Wanahitaji mchanga wa sentimita 5 au zaidi uliochanganyika na vijiwe na vipande vya makombe, ili kuta za shimo zisiporomoke. Na mawe yako lazima yawe yamekaa juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga, maana kamba atachimba hadi chini yake na jiwe litamwangukia au litapasua kioo. Kama mawe yako yalipangwa juu ya mchanga, chagua samaki mwingine.

Wapo na wengine wanaostahili kufikiriwa. Bleni mdogo, Ecsenius stigmatura, hafiki hata sentimita 7, hukaa kwenye tundu la jiwe akichungulia kwa macho makubwa, na hukwangua mwani mwembamba maweni. Kadinali wa Banggai anakaa majini ametulia, ana mikanda myeusi na madoa meupe, na dume lake hubeba mayai na baadaye makinda mdomoni kwa wiki kadhaa bila kula. Huyu nampenda, lakini kwa sharti: awe amezalishwa na wafugaji. Kwao ni visiwa vya Banggai tu, karibu na Sulawesi nchini Indonesia, na biashara ya samaki wa mapambo ilimvua kwa fujo kiasi kwamba mwaka 2007 IUCN ilimweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Muulize muuzaji ametoka wapi. Akisita kujibu, muache.

Sasa wale wa kukataa, hata muuzaji akikuapia.

Wa kwanza ni yule wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Ni mdogo, mzuri, hachoki, anakula minyoo inayosumbua matumbawe, na ndiyo maana anauzwa kama rafiki wa tangi dogo. Miezi michache baadaye anakuwa bwana wa tangi hilo na kila mgeni anayeingia baada yake anakiona cha moto. Ukimtaka sana, awe wa mwisho kabisa kuingia, na ujue kwamba baada yake mlango umefungwa. Ukitaka samaki wa umbo kama lake asiye na makuu, tafuta jenasi ya Wetmorella: wana haya, wanapita taratibu kati ya mawe, na mmoja wao anapatikana hata katika bahari yetu.

Wa pili ni yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, ambaye kila mzamiaji wa Zanzibar au Watamu amemwona akicheza ndani ya anemoni. Akiwa mdogo ni pambo. Akikua anafika sentimita 14, madoa yanafifia, na ukali unazidi. Bei yake ya chini ndiyo mtego wake.

Halafu kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, maarufu kwa filamu ile ile. Dukani ana ukubwa wa sarafu; baharini anafika sentimita 30 na huogelea masafa marefu kila siku. Kumweka kwenye lita 110 kwa ahadi ya kumhamishia tangi kubwa baadaye ni ahadi ambayo watu wachache huitimiza, na samaki ndiye anayeilipia kwa kudumaa na kuugua. Samaki-vipepeo nao ni wazuri mno, lakini aina nyingi chakula chao ni matumbawe yenyewe. Samaki mandarini, mwenye michoro ya buluu na chungwa isiyo na mfano, hana ugomvi na yeyote kwenye tangi, ila anahitaji kudokoa vidudu hai vidogo sana kutwa nzima. Tangi dogo huishiwa na vidudu hivyo ndani ya wiki chache, kisha samaki hufa njaa polepole huku mwenyewe akidhani ni mtulivu. Na samaki msafishaji wa buluu, Labroides dimidiatus, ambaye mwambani hula vimelea vya samaki wengine, nani atamlisha kwako wakati una samaki wanne? Mwache baharini, ambako kazi yake ina maana.

Idadi nayo ina mpaka. Kwa lita 110 mimi nasema samaki wanne, watano wakiwa wadogo sana. Wapo wanaoweka zaidi na tangi likapendeza, hadi siku umeme unapokatika. Pampu zikisimama, maji hayachanganyiki na hewa, na samaki, matumbawe na bakteria wote wanagombania oksijeni ile ile. Maji ya moto hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi, kwa hiyo aliye pwani, ambako mwezi wa Februari au Machi maji ya tangi hupita nyuzi 29 kwa urahisi, ana muda mfupi zaidi wa kujiokoa kuliko aliye Nairobi. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki. Bei yake ni ndogo kuliko ya samaki mmoja mzuri.

Ukifika dukani, usimwangalie samaki mmoja. Liangalie tangi zima alimo. Kama mwenzake ana vidoa vyeupe vya ukubwa wa chembe ya chumvi, au anapumua kwa haraka karibu na uso wa maji, ondoka, hata kama yule unayemtaka anaonekana mzima, kwani maji yao ni yale yale. Kama yote ni salama, omba alishwe mbele yako. Hili usione haya kuliomba. Muuzaji mwaminifu atafurahi, na samaki asiyekula dukani hataanza kula kwa sababu tu umempenda. Tazama tumbo lisiwe limebonyea, nyama nyuma ya kichwa isiwe imekwisha, mapezi yasiwe yamechanika. Uliza amefika lini. Aliyeshuka jana kutoka uwanja wa ndege bado hujui kama ataishi; lipa kiasi, muache hapo wiki moja, kisha urudi. Uliza pia kama wanampokea tena akishindwa kuelewana na wenzake, na jibu ulipate kabla hujalipa.

Kwa msomaji wa pwani ambaye anaona hakuna haja ya duka kwa kuwa bahari iko pale: usiende kuchota mwenyewe. Ndani ya hifadhi za baharini kama Malindi, Watamu na Kisite ni marufuku kabisa kuondoa kiumbe, na nje ya hifadhi biashara hii ina leseni na taratibu zake. Zaidi ya hapo, samaki aliyepandishwa juu haraka kutoka kilindini huumia kibofu cha hewa, na utakuwa umemuua kwa ajili ya pambo.

Sasa karantini. Hapa ndipo ninaposihi hasa, kwa kuwa hatua hii inarukwa kuliko nyingine zote. Weka tangi la pembeni la lita 40, bila mchanga wala mawe, lenye hita, kichujio cha sponji kilichokwisha kukaa kwenye tangi kubwa wiki kadhaa, na vipande vya bomba la plastiki kwa kujificha. Samaki mpya akae humo wiki nne. Sababu yake ni hii: kimelea cha vidoa vyeupe, Cryptocaryon irritans, hudondoka kutoka kwa samaki, hujifungia kwenye mawe na mchanga, kisha huanguliwa na kurudi kwa wingi. Dawa inayokiua kwa uhakika ni ya shaba, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Kwa hiyo kikishaingia tangi kubwa huna budi kuwatoa samaki wote, kuwatibu pembeni, na kuliacha tangi bila samaki kwa zaidi ya miezi miwili. Linganisha miezi miwili hiyo na wiki nne za tangi la pembeni.

Siku ya kumleta, pima kwanza chumvi ya maji ya mfukoni. Maduka mengi huweka chumvi chini kidogo, pengine uzito mahususi wa 1.020, ilhali tangi la matumbawe huwa karibu na 1.025. Andaa maji ya karantini yalingane na ya duka, kisha ipandishe chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Eleza mfuko juu ya maji robo saa ili joto lilingane, mhamishe samaki kwa kikombe au wavu laini, na maji ya mfuko uyamwage. Kama amesafiri saa nyingi, usiuache mfuko wazi ukimdondoshea maji kwa saa nzima: ukifunguliwa, hewa chafu hutoka, asidi ya maji hupungua, na amonia iliyokusanyika njiani hugeuka kuwa sumu kali zaidi. Mtoe upesi.

Katika wiki hizo nne mfundishe kula unachowalisha wengine. Anza na uduvi wa kugandishwa uliokatwa vipande vidogo, kisha changanya na chakula cha punje. Samaki anayejua kula kwako ataingia tangi kubwa akiwa na nguvu za kuvumilia wenyeji.

Na wenyeji watamjaribu. Mtu anayehamia nyumba ya wapangaji wengi hupimwa siku za kwanza, na samaki hawana adabu kuliko hao. Jioni ya kumwingiza, washibishe wenyeji kwanza. Sogeza jiwe moja au mawili ili mipaka ya zamani ivurugike, hasa upande utakaomfaa mgeni. Njia bora kuliko zote ni kumtia kwenye kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kilichoning'inizwa ndani ya tangi, akae humo siku tatu hadi saba. Wanamwona, wanajigonga kwenye plastiki, wanachoka. Wakishaacha kumjali, zima taa, mfungulie.

Kufukuzana kwa siku mbili tatu kusikutishe. Kinachotakiwa kukutisha ni mapezi yaliyochanika, samaki aliyejibanza juu kwenye kona karibu na bomba, au aliyekaa siku tatu bila kula. Hapo usingoje wazoeane. Bandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande wa mchokozi. Mara nyingi atashinda akigombana na sura yake huku mgeni akipata kupumua. Ikishindikana, mtoe mchokozi, si mgeni. Mpeleke tangi la pembeni wiki moja. Atakaporudi, yeye ndiye atakuwa wa mwisho kuingia, na ubabe wake utakuwa umepungua. Kama bado anaumiza wengine, mrudishe dukani kwa makubaliano uliyoyafanya kabla ya kulipa.

Baada ya hapo pima amonia kila siku chache kwa mwezi mzima, kwa kuwa bakteria wa mawe wanahitaji muda wa kuongezeka ili wamudu uchafu wa samaki mmoja zaidi. Mwezi ukipita salama na ukajikuta unaanza kuwaza samaki mwingine, wahesabu walioko. Wakiwa wanne ndani ya lita 110, ushauri wangu ni kwamba fedha hizo zinunue tumbawe, au uziweke kwa ajili ya tangi kubwa zaidi.